Dirisha Jipya la Alumini Linapovuja, Kukwama au Kuleta Joto: Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Silikoni

Mwenye nyumba anapoondoa madirisha yake ya zamani ya mbao au ya luva na kuweka ya alumini ya kuteleza, hutarajia kuwa ameagana na mvua, vumbi na kelele za barabarani. Kisha masika yanaingia, na asubuhi moja anakuta maji sakafuni, chini ya dirisha ambalo halijatimiza hata mwaka. Fundi akiitwa huja na bunduki ya silikoni, hupaka kila palipo na mstari, na mvua inayofuata huitwa tena. Nimeona nyumba ambazo silikoni imepakwa tabaka juu ya tabaka, hata mtu hawezi kutambua fremu inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, na bado maji yanaingia.

Dirisha lenyewe huwa na kosa mara chache. Kosa huwa pale fremu inapokutana na ukuta: uwazi usio na pembe mraba, kizingiti (ukingo wa ukuta ulio chini ya dirisha) kinacholalia ndani, lenta (boriti iliyo juu ya dirisha) iliyolemea fremu, au plasta iliyofunika mahali palipopaswa kubaki wazi. Kwa sababu hiyo dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vinne, na dawa ya chanzo kimoja inaweza kuzidisha kingine. Maelezo yanayofuata yanahusu madirisha ya alumini ya kuteleza yaliyowekwa kwenye kuta za matofali ya saruji, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kisasa za pwani ya Tanzania na Kenya, ingawa sehemu kubwa inafaa pia kwa nyumba za bara.

Vipimo vya kuchukua kwanza

Kabla ya kutafuta dalili yoyote, pata pimamaji, futi ya chuma, uzi mwembamba, tochi na mpira wa maji. Pima fremu kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, kisha upime pembe mbili zilizobaki. Vipimo hivyo viwili vya mshazari vinapaswa kulingana, na vikipishana kwa zaidi ya milimita 3 hivi, fremu imepinda na haikai mraba. Weka pimamaji juu ya reli ya chini, kisha ulisimamishe kwenye nguzo zote mbili za pembeni, upande wa ndani na upande wa mbele, kwa kuwa fremu inaweza kuwa wima ukiitazama kwa mbele na bado ikawa imeegemea ndani au nje. Mwisho vuta uzi kutoka pembe hadi pembe chini ya reli ya juu, uone kama reli imeshuka katikati. Andika namba hizi kwenye karatasi pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu utazihitaji tena, kwa sababu kasoro iliyokuwapo tangu siku ya kwanza ni ya fundi wa dirisha, lakini inayozidi kukua ni ya jengo.

Maji yanaingia ndani

Jambo la kwanza ni kujua maji yanaonekana wapi hasa, si yanaishia wapi. Dimbwi la sakafuni halisemi kitu. Kaa karibu na dirisha mvua ikinyesha, ukiwa na tochi, na utazame sehemu nne: reli ya chini, mstari kati ya fremu na ukuta pembeni, mstari wa juu chini ya lenta, na plasta iliyo chini ya kizingiti.

Ikiwa maji yanajaa kwenye reli ya chini na kufurika ndani, chanzo huwa matundu ya kutolea maji. Watu wengi hudhani dirisha la kuteleza limeundwa lisiingize maji kabisa. Sivyo. Brashi za manyoya zilizo pembeni mwa mabawa (yaani vipande vyenye kioo vinavyoteleza) hupunguza maji tu, na yale yanayopenya hutarajiwa kuingia kwenye mfereji wa reli na kutoka nje kupitia matundu madogo yaliyokatwa kwenye ukingo wa nje wa reli. Matundu hayo yakizibwa na plasta, rangi, mchanga au silikoni, mfereji hujaa kama beseni. Yatafute upande wa nje, kwa kawaida karibu na pembe mbili za chini. Yakiwa yamezibwa, yazibue kwa waya mgumu, kisha mimina kikombe cha maji kwenye reli na uhesabu: yanapaswa kutoka nje yote ndani ya sekunde chache. Ikiwa matundu hayapo kabisa, kwa kuwa fundi hakuyakata, yanaweza kutobolewa kwa drili bila kuondoa dirisha, mradi mabawa yatolewe kwanza na chuma cha drili kisipenye hadi sakafu ya fremu, kwani tundu la chini litapeleka maji ndani ya ukuta.

Pia kuna hali ambayo matundu yapo wazi na bado maji yanafurika wakati wa upepo mkali peke yake. Hapa nguvu ya upepo ndiyo inayoshikilia maji yasitoke. Upepo wa kilomita 46 kwa saa unaopiga dirisha moja kwa moja hutoa msukumo unaoweza kushikilia maji ya kimo cha milimita 10, na ukifika kilomita 65 kwa saa kimo hicho kinakuwa karibu milimita 20. Ukingo wa ndani wa reli ukiwa mfupi kuliko kimo hicho, maji yatapanda na kumwagikia chumbani, na hakuna silikoni itakayoyazuia. Pwani, mvua za masika huja wakati pepo za kusi zinaanza kuvuma, kwa hiyo madirisha yanayotazama kusini na kusini-mashariki ndiyo yanayoonyesha dalili hii zaidi. Tiba ni kuongeza upenu juu ya dirisha, au kuweka reli yenye ukingo mrefu zaidi upande huo wa nyumba, jambo ambalo ni rahisi kuagiza kabla ya dirisha kutengenezwa na ghali baada ya hapo.

Ikiwa reli ni kavu lakini maji yanatiririka kati ya fremu na ukuta, fanya jaribio la mpira wa maji, na ulifanye kwa utaratibu. Mtu mmoja awe nje, mwingine ndani. Anza chini kabisa, kwenye ukuta ulio chini ya kizingiti, ukimwagia kwa dakika 10 bila kupandisha mpira. Ndani kukiwa bado kukavu, panda hadi mstari wa kizingiti na fremu, dakika 10 nyingine, kisha pembeni, upande mmoja baada ya mwingine, kisha juu. Ukianzia juu, maji yatateremka na kulowesha kila mahali, nawe hutajua yameingia wapi. Pale yanapotokea kwa mara ya kwanza ndipo chanzo kilipo, na hapo pekee ndipo pa kutengeneza.

Chanzo kinachojitokeza mara nyingi kuliko vyote katika jaribio hili ni kizingiti cha chini kisicho na mteremko. Kizingiti cha nje kinapaswa kuinamia nje, angalau milimita 1 kwa kila milimita 10 za upana wake, na kiwe chini kuliko fremu, na kitokeze mbele ya ukuta kikiwa na mfereji mdogo chini ya ukingo wake ili tone lianguke badala ya kurudi ukutani. Fundi mwashi anayepiga plasta baada ya fremu kuwekwa hupenda kuisawazisha ikutane na fremu kwa uzuri, na mara nyingine huipandisha hadi kufunika ukingo wa chini wa reli. Kwa macho kazi hiyo inapendeza, lakini imezika matundu ya maji na kutengeneza bonde linalotazama chumbani.

Hili lilinipata mimi mwenyewe. Dirisha la sebuleni kwangu lilivuja masika mawili mfululizo, na nilinunua mirija ya silikoni mara tatu. Mara ya tatu niliona kwamba silikoni yangu ya mara ya kwanza ndiyo iliyoziba matundu, na kwamba kizingiti kilikuwa kinainamia ndani kwa milimita 6. Nilibomoa kizingiti kwa patasi, nikakimimina upya kikiwa na mteremko, nikakwangua silikoni yote ya zamani, na tangu hapo sijaona maji. Nasema haya kwa sababu najua uchungu wa kulipia jambo moja mara tatu, na ningependa mwingine auepuke.

Maji yakitokea juu ya fremu, usikimbilie kulaumu dirisha. Tazama kwanza kama upenu wa zege ulio juu yake una ufa pale unapokutana na ukuta, kwani maji huingia hapo, hushuka ndani ya ukuta, na hutokea chini ya lenta. Tazama pia upande wa chini wa upenu: ukiwa hauna mfereji wa kudondoshea, maji hurudi nyuma yakiwa yameshikamana na zege hadi yafike kwenye fremu. Na ikiwa fremu na reli ni kavu lakini plasta iliyo chini ya dirisha inalowa na kuchubua rangi, basi maji yanapita chini ya fremu. Hii ina maana kwamba chini ya fremu hakukujazwa saruji vizuri, au pembe za chini za fremu, mahali vipande viwili vya alumini vinapounganishwa kwa skrubu, hazikuzibwa kiwandani. Jaribu kwa kuziba matundu ya nje kwa utepe wa plastiki, kujaza reli maji, na kusubiri nusu saa. Maji yakipungua bila kuonekana popote, pembe zinavuja, na pembe huzibwa kwa ndani ya reli baada ya kuikausha na kuisafisha.

Silikoni inayoshika na isiyoshika

Nimeisema vibaya silikoni, lakini ina mahali pake: kwenye mstari wa pembeni na wa juu, kati ya fremu na ukuta, ambako kuna mwendo. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya zege. Fremu yenye rangi nyeusi na urefu wa mita 2, ikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua la mchana ambalo linaweza kuizidishia nyuzi 40, huongezeka karibu milimita 2. Saruji iliyojazwa ikabana fremu haiwezi kufuata mwendo huo, kwa hiyo hupasuka mstari mwembamba kuizunguka fremu yote. Silikoni ikiwa na nafasi ya kutosha huufuata mwendo huo bila kuachia.

Nafasi hiyo ndiyo inayosahauliwa. Uwazi wa ukuta unapaswa kuzidi fremu kwa takriban milimita 10 upana na milimita 10 kimo, yaani milimita 5 kila upande, au zaidi kidogo kwa dirisha kubwa. Fundi makini hupima upana mara tatu, juu, katikati na chini, na kimo mara tatu, kisha hutumia kipimo kidogo kuliko vyote. Anayepima mara moja huishia na upande mmoja unaobana na mwingine wenye pengo la vidole viwili, ambalo hulijaza kwa saruji, vipande vya tofali na karatasi. Pengo pana namna hiyo lijazwe kwanza kwa saruji iliyoachwa ikauke vizuri, kisha ibakizwe nafasi ya milimita 6 hadi 10 ya silikoni, ikiwa na kamba ya sponji nyuma yake ili silikoni ishike pande mbili tu, fremu na ukuta, isishike na nyuma. Ikishika pande tatu haiwezi kuvutika, na huchanika.

Ikiwa silikoni inabanduka kama utepe ukiivuta kwa kidole, tafuta sababu kati ya hizi: ukuta ulikuwa na vumbi au unyevu, ilipakwa juu ya silikoni ya zamani, au ni aina inayonuka siki. Aina hiyo hutoa tindikali inapokauka, haishiki vizuri kwenye saruji, na inaweza kuanzisha kutu kwenye metali. Kwa kazi ya ukutani nunua aina isiyo na tindikali, na ukumbuke kwamba rangi ya ukuta haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo rangi itangulie. Silikoni hukauka kuanzia juu kwenda ndani, takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku, basi usiipime kwa mpira wa maji jioni ya siku iliyopakwa.

Bawa ni gumu, linakwama au linaruka reli

Dirisha likiwa gumu tangu siku ya kwanza, rudi kwenye vipimo vya mshazari. Fremu iliyopinda hufanya bawa liguse juu upande mmoja na kuachia nafasi ya pembetatu upande mwingine. Mara nyingi fremu ilikuwa mraba ilipotoka karakana, ikapindishwa na skrubu: fundi alikaza skrubu mahali ambapo ukuta ulikuwa mbali na fremu bila kuweka kabari, na alumini ikavutwa kuufuata ukuta. Legeza skrubu za upande huo moja moja huku mwingine akishikilia pimamaji, ingiza kabari ya plastiki nyuma ya kila skrubu, kisha kaza tena. Skrubu ya kwanza iwe karibu milimita 150 kutoka pembe, na kati ya skrubu moja na nyingine pasizidi milimita 600. Kabari za mbao zilizoachwa ndani ya ukuta hufyonza maji na kuvimba, nami nisingezikubali.

Ikiwa vipimo viko sawa lakini bawa linakwaruza chini, magurudumu ndiyo yenye tatizo. Kioo cha milimita 5 kina uzito wa kilo 12.5 kwa kila mita ya mraba. Bawa la sentimita 90 kwa sentimita 140 linabeba karibu kilo 16 za kioo peke yake, na uzito huo wote unakalia magurudumu mawili. Kwenye ukingo wa chini wa bawa, pembeni, kuna tundu dogo lenye skrubu ya kupandisha na kushusha gurudumu. Izungushe nusu mzunguko, jaribu, zungusha tena, hadi bawa liwe sambamba na nguzo ya fremu. Kabla ya hapo fagia reli kwa brashi na uioshe. Mchanga na mabaki ya plasta huharibu magurudumu mapya ndani ya miezi michache. Usitie mafuta ya kula wala grisi, kwa sababu vumbi litaganda humo.

Dalili ninayotaka isimamiwe kwa uangalifu ni ya dirisha lililoteleza vizuri kwa miezi kadhaa, kisha likaanza kukaza katikati ya safari yake huku miishoni likiwa jepesi. Vuta ule uzi chini ya reli ya juu. Ikiwa reli imeshuka katikati kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza, lenta inakunjika na uzito wa ukuta au wa slabu ya zege iliyo juu umeanza kukalia fremu. Fremu ya alumini haikuumbwa kubeba nyumba. Hali hii hutokea zaidi pale dirisha la zamani lilipopanuliwa: lenta ya uwazi wa mita 1.2 ikaachwa vilevile, ukuta ukakatwa kufikia mita 1.8, na sehemu ya lenta iliyokuwa imelala ukutani ikabaki sentimita chache tu au ikatoweka. Lenta inapaswa kulala juu ya ukuta kwa angalau milimita 150 kila upande, na kwa uwazi mpana milimita 200 ni salama zaidi. Hapa acha kurekebisha magurudumu. Weka nguzo za muda kubeba ukuta, mwite fundi wa ujenzi au mhandisi, na dirisha litolewe hadi lenta mpya imwagwe na kukomaa. Kukata mabawa yawe mafupi ili yateleze, kama nilivyokuta kumefanywa, ni kuficha onyo ambalo jengo limelitoa mapema.

Ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari una uhusiano na jambo hilihili. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mpya ni wa kawaida, kwani pembe za uwazi ndizo ukuta unapokusanya mkazo. Chora alama ya penseli kwenye ncha yake na uandike tarehe. Ukirefuka, au ukafikia upana wa milimita 5, au ukaonekana pande zote mbili za ukuta, si kazi ya fundi rangi tena.

Kitasa hakifungi, dirisha linatikisika au linapiga mluzi

Kitasa kisichoingia mahali pake huwa hakina kosa. Bawa limekaa juu au chini kuliko kidaka chake. Sawazisha magurudumu kwanza, kisha ndipo ulegeze na kusogeza kidaka. Kutikisika na mluzi wakati wa upepo hutokana na brashi za manyoya zilizokatwa fupi pembeni au ambazo hazikuwekwa kabisa mahali mabawa mawili yanapokutana. Brashi hizo huuzwa kwa mita katika maduka ya alumini, na hubadilishwa kwa kuzivuta tu kutoka kwenye mfereji wake. Pima kina cha ule mfereji na urefu wa manyoya kabla ya kununua, kwa sababu manyoya marefu mno yatafanya bawa liwe gumu, na utarudi kwenye tatizo la awali.

Kioo kimepasuka bila kupigwa

Tazama ufa unaanzia wapi. Ukianzia kwenye doa moja na kutawanyika kama nyota, kimepigwa na kitu, hata kama hakuna aliyeona. Ukianzia ukingoni, ukiwa umenyooka kwa pembe mraba na ukingo huo kwa sentimita chache kabla ya kupinda, ni ufa wa joto: sehemu ya kioo iliyoko juani imetanuka huku ukingo uliofunikwa na fremu, au sehemu iliyoko kivulini, ukibaki baridi. Vioo vya rangi na vya kuakisi hufyonza joto zaidi na ndivyo vinavyoathirika, hasa vikiwa na pazia zito lililobanana navyo kwa ndani au karatasi ya giza iliyobandikwa baadaye. Ukianzia pembeni karibu na skrubu, kioo kilikatwa kikubwa kikabanwa na alumini. Kioo hakipaswi kugusa chuma popote. Kinakalia vipande vidogo vya mpira mgumu chini, kimoja katika robo ya kwanza ya upana na kingine katika robo ya mwisho, na kina nafasi ya milimita kadhaa kila upande. Fundi anayebadilisha kioo bila kuangalia vipande hivyo atabadilisha kingine mwakani.

Madirisha yanayofika karibu na sakafu, ya bafuni na ya ngazini yawekwe kioo kilichoimarishwa kwa kupashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla, ambacho kikivunjika huwa punje ndogo zisizokata sana. Kioo hicho hakiwezi kukatwa wala kutobolewa baada ya kuimarishwa, basi vipimo vyake vihakikiwe mara mbili kabla ya kuagizwa.

Madoa meupe, vipele na kutu

Madoa ya kijivu au meupe yasiyofutika kwenye fremu mpya ni alama ya saruji. Saruji mbichi ina magadi makali, na ikigandia kwenye alumini hata kwa saa chache huila ngozi ya juu. Hakuna dawa ya kuirudisha, ila kupaka rangi upya. Ndiyo maana utepe wa kinga unaokuja na fremu haupaswi kutolewa hadi plasta na rangi vimalizike, na ndiyo maana napendelea fremu ziwekwe baada ya plasta ya kwanza, si kabla. Vilevile tindikali inayotumiwa kusafisha vigae isikaribie dirisha.

Michirizi ya kahawia chini ya kila skrubu haitoki kwenye alumini, inatoka kwenye skrubu za chuma cha kawaida. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, ambako hewa yenye chumvi hukaa juu ya kila kitu, skrubu za chuma kisichoshika kutu ni lazima. Chuma cha kawaida kikigusana na alumini mahali penye maji ya chumvi, metali hizo hulana, na alumini inayozunguka skrubu huwa unga mweupe. Grili za nondo zisiunganishwe moja kwa moja na fremu kwa sababu hiyohiyo, zifungwe ukutani. Osha fremu kwa maji baridi na sabuni laini kila mwezi au miwili ukiwa ufukweni, kwani mvua haifiki sehemu zilizo chini ya upenu, na huko ndiko chumvi inakojikusanya.

Kwa nyumba za mawe na chokaa za Zanzibar, Lamu na Mombasa, hesabu ni nyingine kabisa. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni laini na haushiki plagi fupi za plastiki (zile zinazoingizwa ukutani kushika skrubu), na unahitaji kupumua kupitia chokaa, hivyo saruji ngumu kuizunguka fremu hufungia unyevu ndani yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu ni urithi wa dunia, na madirisha yake ya mbao hayabadilishwi bila idhini ya mamlaka zinazohusika. Nami naamini fundi seremala anayejua kuyatengeneza ni tiba bora kuliko alumini yoyote.

Nyumba imekuwa na joto, na mbu wameongezeka

Malalamiko haya hushangaza watu, lakini hesabu yake ni nyepesi. Dirisha la luva hufunguka karibu lote. Dirisha la kuteleza la mabawa mawili hufunguka nusu tu: lile la mita 1.8 kwa mita 1.4 lina eneo la mita za mraba 2.52, na linaachia upepo upite kwenye 1.26. Aliyebadilisha madirisha yote ya nyumba kwa vipimo vilevile amepunguza upepo wake kwa nusu, na wavu unapunguza zaidi. Juu ya hayo, kioo cheupe cha kawaida hupitisha takriban asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Kwa vyumba vya kulala vinavyotazama mashariki au magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni hupita chini ya upenu wowote, zuia jua nje ya kioo kwa mti, turubai au vipande vya mbao vya kukinga, kwa kuwa pazia la ndani huzuia joto likiwa limekwisha kuingia. Ikiwa dirisha bado halijaagizwa, chagua la kufunguka kwa bawaba upande unaopokea upepo, na uhakikishe grili haitalizuia. Grili ya angalau chumba kimoja cha kulala iwe na sehemu inayoweza kufunguliwa kutoka ndani, ili watu watoke moto ukizuka.

Kuhusu mbu, wavu mzima si uthibitisho. Bawa la wavu hufanya kazi linapokuwa limefunika nafasi yote iliyo wazi, nguzo yake ikipandana na nguzo ya kioo ili brashi izibe katikati. Dirisha likifunguliwa robo tu, au wavu ukiwa umewekwa upande usio wake, hubaki upenyo wima wenye upana wa kidole kati ya wavu na kioo, kutoka juu hadi chini. Simama ndani usiku taa ikiwa imezimwa, mtu amulike tochi kutoka nje, na utauona. Mara nyingi inatosha kufungua bawa la kioo hadi mwisho na kusukuma wavu hadi ugote. Isipotosha, brashi ya wavu haikuwekwa.

Lini dirisha litolewe lote

Marekebisho mengi yaliyotajwa hufanyika dirisha likiwa ukutani. Mbali na lenta iliyoshuka, hali mbili haziruhusu hivyo: fremu ambayo mshazari wake umepishana kwa zaidi ya milimita 10 hata baada ya skrubu kulegezwa, na fremu iliyojengewa ndani ya saruji pande zote bila skrubu wala nafasi. Katika hali hizo toa mabawa kwanza, kata silikoni kwa kisu, ng'oa skrubu, na kata plasta kwa mashine sentimita 2 nje ya mstari wa fremu ili usiibomoe hadi chumbani. Sawazisha uwazi, mimina kizingiti kikiwa na mteremko wake, na ukimwagilie maji kila siku kwa muda wa wiki moja. Fremu irudishwe kizingiti kikiwa kimekauka, na kabla ya mabawa kuingizwa, mimina kikombe cha maji kwenye reli tupu.